Chama, leseni, cheti, ithibati: zile nembo za mkandarasi zina maana gani hasa

Kuna kipindi nilikuwa natafuta watu wa kuongeza chumba, nikaletewa kipeperushi cha kampuni, chini kabisa kuna nembo saba zimejipanga kama vifungo vya shati. Nikakaa nikazipitia moja moja. Tatu zilikuwa za watengenezaji wa rangi na mapaa ambao hawa jamaa wananunua bidhaa zao, moja ya kampuni ya bima, moja chama cha wajenzi, moja imeandikwa ISO 9001, na ya mwisho ilikuwa ndogo hata haisomeki. Ukiangalia harakaharaka unaona hawa wamekaguliwa mara saba, kumbe aliyewahi kukanyaga saiti yao akaangalia ukuta umenyooka au la, labda ni mmoja tu, labda hata huyo hayupo.

Tatizo ni kwamba tuna vitu vinne tofauti na vyote tunaviita "wamesajiliwa".

Cha kwanza ni uanachama. Chama cha wakandarasi ni watu wa kazi moja wamejikusanya, wanachanga ada kila mwaka, na chama kinawasemea serikalini, kinawapa mafunzo, mikataba ya mfano iliyoandikwa tayari na mambo kama hayo. Hakuna ubaya hapo ila kumbuka chama ni cha mafundi, sio cha wateja, ada inalipwa na wao. Alafu vyama havilingani hata kidogo. Vingine unajaza fomu unalipa unapewa nembo siku hiyohiyo, vingine vinakuchunguza kwanza. Mfano Uingereza kuna Federation of Master Builders, ipo tangu 1941, hawa kabla ya kukupokea wanatuma mtu akague kazi yako na wanaangalia na hesabu za kampuni. Kwa hiyo ukisikia "sisi ni memba wa chama fulani", uliza: ili uwe memba mlifanyiwa nini? Akijibu "tulilipia", basi ushajua uzito wake.

Cha pili ni leseni au usajili wa lazima, na hapa ndo sheria inaingia. Bila hiyo mtu haruhusiwi kugusa kazi, haijalishi ana ujuzi gani. California kwa mfano wana bodi ya leseni za wakandarasi tangu 1929, na leseni ya mtu unaitafuta kwa namba yake mtandaoni. Uingereza wenyewe mambo yako kinyume: fundi ujenzi wa kawaida hahitaji leseni yoyote, leo ukiamka ukajiita mjenzi wewe ni mjenzi, lakini ukitaka kushika bomba la gesi kwenye nyumba ya mtu lazima uwe kwenye rejista ya mafundi gesi inayoitwa Gas Safe, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, CORGI, mwaka 2009. Na kile kitambulisho chao mimi nakipenda sana jinsi kilivyotengenezwa. Mbele kuna picha, namba na tarehe ya kuisha. Nyuma, ambako watu wengi hawageuzi kabisa, kuna orodha ya kazi ambazo huyo mtu ana sifa ya kuzifanya. Sasa mtu anaweza akawa na kitambulisho halali kabisa cha kazi za jiko, na wewe umemwita kwa ajili ya boila (mtambo wa kuchemshia maji ya nyumba), na nyuma boila haimo. Kitambulisho si feki, mtu si tapeli, ila kwa kazi yako wewe ni sawa na hana.

Cha tatu ni cheti. Hapa kuna kiwango kimeandikwa, na mtu wa nje, sio chama, sio mwenye kampuni, anakuja kupima kama unakifuata. Ile ISO 9001 iko kundi hili na ndo inayowachanganya watu kuliko zote. Kwanza ISO wenyewe, yaani shirika la kimataifa la viwango, hawatoi cheti kwa yeyote, wao wanaandika viwango tu (hicho kilitoka mara ya kwanza 1987), wanaokagua na kutoa vyeti ni kampuni nyingine. Pili kinapima utaratibu wa kampuni, yaani mna kumbukumbu, malalamiko mnayashughulikiaje, makosa mnayarekebisha vipi. Hakisemi nguzo yako itabeba. Sio kwamba hakina maana, kampuni yenye kumbukumbu ni rahisi kuibana, ila usikisome kama cheti cha uimara wa zege.

Cha nne ndo ithibati yenyewe, na neno hili linatumika ovyo mpaka basi. Ithibati ni mkaguzi naye kukaguliwa. Yule anayetoa vyeti, au maabara inayopima, nani kasema anajua anachofanya? Kuna chombo cha juu kinachompima na kumpa ithibati, Uingereza kinaitwa UKAS. Kwa hiyo mkandarasi akikwambia "tuna ithibati ya ISO 9001", mara nyingi anamaanisha cheti, na swali la kumrudishia ni aliyekupa hicho cheti naye ana ithibati?

Inapoonekana vizuri ni kwenye zege. Siku ya kumwaga slabu wanajaza zege kwenye vibati vya mraba, kawaida milimita 150 kila upande, zege likishaganda vipande vinatolewa, vinatunzwa kwenye maji alafu vinapondwa kwenye mashine, vingine siku ya 7, vingine siku ya 28, kuona vinahimili nguvu gani. Ile namba kwenye ripoti ndo inayokwambia zege la slabu limefikia nguvu inayotakiwa au la. Sasa kama mashine haijakaguliwa miaka mitatu, namba ni ya nini? Ithibati ya maabara ndo inabana hapo, na inatolewa kwa kipimo, sio kwa jengo zima la maabara, unaweza kukuta wana ithibati ya kuponda zege lakini ya kupima udongo hawana.

Zile nembo za rangi na mapaa nazo nisizidharau sana. Mtengenezaji wa paa anaweza kukataa dhamana kama aliyelifunga hakufundishwa na wao. Na dhamana nayo iulize: ni ya fundi mwenyewe au ina bima nyuma yake? Ya fundi, kampuni ikifilisika inakufa nayo, yenye bima inabaki.

Ile kampuni ya nembo saba niliichukua namba ya uanachama nikapiga kwenye chama chenyewe, kwa simu iliyo kwenye tovuti ya chama, sio ile ya kwenye kipeperushi. Wakaniambia ndiyo walikuwa memba, ada iliisha miaka miwili iliyopita.