Dereva mkali hahitaji kidhibiti mtelezo?

Ukikaa na wenye Subaru za turbo pale Uyole, Mbeya, hutakosa kusikia hili: "Kile kitufe chenye kagari kanakoteleza ni cha wanaojifunza. Mimi nakizima."

Kitufe hicho ni cha kidhibiti mtelezo (traction control), kifaa kinachozuia magurudumu kuzunguka ovyo yanapokosa mshiko. Kinachosahaulika ni jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Kila gurudumu lina sensa inayopima mzunguko wake, ile ile inayotumiwa na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki. Moja likianza kuzunguka kasi kuliko mengine, kompyuta inapunguza nguvu ya injini au inalifunga breki gurudumu hilo peke yake. Sasa wewe, hata uwe fundi wa usukani kiasi gani, una pedeli moja ya breki, nayo inashika magurudumu yote. Hapo si suala la ujuzi tena; miguu haitoshi.

Tazama Formula 1. Teknolojia hii iliruhusiwa tena mwaka 2001, na madereva bora duniani wakaitumia kwa sababu iliwapa kasi. Ikapigwa marufuku kuanzia 2008, moja ya sababu ikiwa kwamba iliwarahisishia mno kazi.

Ni kweli, ukinasa kwenye tope zito, kukizima kunasaidia, maana magurudumu yanahitaji kuzunguka ndipo yajikwamue. Lakini barabara ya Tukuyu ikiwa na mvua na ukungu, kiache. Na kama matairi yamebaki kipara (wengi wetu tunajijua), kompyuta haitengenezi mshiko usiokuwepo.