Tundu hilo halikutobolewa na mawimbi

Nimetumiwa tena picha ya ganda la kombe lenye tundu moja la duara, na maelezo ni yale yale: mchanga na mawimbi vimelitoboa. Hapana. Tafadhali, hapana.

Mawimbi hayachori duara. Yakisaga ganda huanzia palipojitokeza, na kingo zinazobaki huwa nyembamba, zimemomonyoka ovyo. Tundu la kwenye picha limeingia wima kutoka nje, pana juu, jembamba chini, kama bakuli. Hiyo ni kazi ya konokono wa jamii ya Naticidae. Humkumbatia kombe mchangani kwa mguu wake, hulainisha ganda kwa tindikali, hukwangua kwa radula, yaani ulimi wake wenye meno madogo, hulainisha tena, saa baada ya saa. Konokono wa jamii ya Muricidae huacha kuta zilizonyooka zaidi. Pweza naye hutoboa, ila tundu lake ni dogo sana.

Linaloniudhi zaidi ni hesabu ya makombe waliouawa kwa kutobolewa, na hapa hata wanataaluma wenzangu wamo. Kombe ana nusu mbili za ganda, na kwa kawaida hutobolewa moja tu. Akifa, zinaachana. Kwa hiyo ukiokota nusu 100 na 20 zina matundu, hujapata vifo asilimia 20; nusu 100 ni makombe 50, na waliotobolewa ni asilimia 40. Makovu nayo ni mtego mkubwa zaidi. Kaa akivunja mdomo wa ganda la konokono kisha akashindwa kumla, konokono hulijenga upya na kovu hubaki. Je, makovu mengi yanasema kaa walikuwa wengi, au walikuwa dhaifu? Aliyeliwa hakuacha kovu, ameacha vipande.

Geerat Vermeij, mtafiti wa visukuku asiyeona tangu utotoni na anayechunguza maganda kwa vidole, alieleza mwaka 1977 jinsi maganda ya konokono wa bahari yalivyozidi kujihami katika Mesozoiki, enzi ya dinosaria, kadiri wavunjaji na watoboaji walivyoongezeka. Nakubaliana naye. Ila hesabu zangu mwenyewe bado zinanisumbua: maji huweza kulibeba ganda lenye tundu tofauti na lile zima, kwa hiyo visukuku ninavyochimba huenda vilishachujwa kabla sijavifikia.

Ukinitumia picha nyingine, piga na upande wa ndani. Tundu lisilotokea huko ni shambulio lililokatizwa, nami hulihesabu kando.