Msanii Kulipwa Hakufuti Huduma Yake

Nimeulizwa tena, safari hii na mfadhili wa mchoro wa ukutani, kwa nini wasanii wadai malipo ilhali mradi ni wa jamii. Aliyejenga ukuta huo alilipwa, muuza rangi hulipwa, na mwandishi wa ripoti ya mradi ana mshahara. Hakuna anayewataka wathibitishe kwamba wanawapenda wakazi. Ni msanii pekee anayehesabiwa kuwa mnyonyaji mara tu anapotaja riziki yake.

Kuchora bure si ushahidi wa nia safi. Anayejitolea huondoka na picha za kazi yake, na picha hizo ndizo zinazomfungulia milango ya maonyesho, ruzuku na mialiko ya ughaibuni. Maslahi yake yapo palepale, ila kwa kuwa hayakuandikwa popote, wakazi hawana pa kuyahojia. Isitoshe, kazi ya bure humfaa mwenye kipato kingine. Kundi la wasanii la Maasai Mbili, lililoanzishwa mtaa wa Kibera, Nairobi, mwaka 2001, lilianzishwa na vijana waliokuwa wakiishi kwa kuandika mabango ya biashara. Watu wa namna hiyo hawawezi kuacha kazi ya siku ili wapambe mtaa wao bila ujira.

Mwaka 2009, msanii Mfaransa JR alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo, zilizochapishwa juu ya vinili, aina ya plastiki isiyopitisha maji, ili ziwakinge pia wenye nyumba na mvua. Picha za mapaa hayo zilienea duniani na jina lake likakua. Huduma na manufaa binafsi vilikaa juu ya bati moja, wala sioni sababu ya kukana kimojawapo. Hata hivyo, sina kipimo cha kulinganisha paa lisilovuja na umaarufu unaodumu baada ya vinili kuchakaa, na simwamini anayedai kuwa nacho.

Jambo linalopaswa kutukera ni mkataba. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa humwendea aliyeiagiza, isipokuwa pande hizo mbili zimekubaliana vinginevyo. Mkataba ukinyamaza, mfadhili yuleyule anayemkemea msanii kwa ubinafsi ndiye anayebaki na haki ya kuuchapisha mchoro kwenye kalenda zake, na mkazi ambaye sura yake imechorwa hatajwi kabisa. Kwa hiyo nasisitiza kwamba malipo, matumizi ya picha na fungu la wakazi viandikwe kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Hapo ndipo ninapokwama mimi mwenyewe, kwa sababu mwenye ukuta mara nyingi haishi mtaani, wapangaji wanaoutazama kila siku huhama, na kamati inayotia saini kwa niaba yao huenda haikuchaguliwa na yeyote kati yao.