Mmea wa mtungi: maana yake, malezi yake, na kwa nini haukuzwi na mtu mmoja

Mmea wa mtungi ni mmea ambao jani lake, lote au ncha yake tu, limejiumba kuwa chombo chenye maji, na kwa chombo hicho hunasa wadudu, huwaua na kufyonza virutubisho vyao. Mtungi si ua, ingawa rangi zake huwapoteza wengi, wala si tunda. Ni jani. Mmea wenyewe una ukijani na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea mingine mingi. Kwa mdudu hautafuti nguvu. Unatafuta naitrojeni na fosforasi, ambazo mimea ya kawaida huzipata udongoni.

Hilo la mwisho ndilo la kushika, kwa sababu malezi yote yanaanzia hapo. Mimea hii imetoka kwenye vinamasi, miamba na miteremko ambako mvua imeosha udongo kwa muda mrefu hadi rutuba ikaisha. Mizizi yake imezoea uhaba. Anayeipa samadi na maji ya bomba yenye chokaa hudhani anaitunza vizuri, kumbe anaiunguza mizizi.

Jina "mmea wa mtungi" linabeba makundi ambayo hayana udugu wa karibu. Kubwa kuliko yote ni Nepenthes, yenye spishi zaidi ya 160, nyingi zikiwa Borneo, Sumatra na Ufilipino. Upande wa magharibi jenasi hii inafika Madagaska, yenye spishi mbili, na Shelisheli, yenye moja. Mojawapo ya spishi za Madagaska ndiyo ya kwanza kuandikwa na Mzungu: Étienne de Flacourt aliieleza mwaka 1658. Kundi la pili ni Sarracenia ya mashariki mwa Marekani na Kanada, ambayo mitungi yake husimama wima kutoka ardhini kama mirija. Ndugu zake ni Heliamphora ya milima bapa ya Venezuela na maeneo jirani, na Darlingtonia ya California na Oregon. Pembeni kabisa yuko Cephalotus wa kusini-magharibi mwa Australia, mwenye mitungi midogo ya sentimita chache. Cephalotus na Nepenthes hawana nasaba ya karibu hata kidogo. Kila mmoja ameufikia mtungi kwa njia yake.

Hapa tutakaa zaidi na Nepenthes, kwa kuwa ndiyo inayokuzwa na wengi, na ndiyo inayowalazimisha wakuzaji kutafutana.

Tazama jani moja la Nepenthes kwa karibu. Ile sehemu pana unayoiona kuwa jani ni kitako cha jani kilichotanuka. Uti wake wa kati hauishii ncha. Hurefuka ukawa kikono chembamba, na mwisho wa kikono huota kinundu kidogo kinachoelekea juu. Kinundu hicho huvimba siku baada ya siku, hujaa hewa, kisha kifuniko hubanduka na mtungi unafunguka. Ndani tayari mna maji, yaliyotolewa na mmea wenyewe kabla hata tone la mvua halijaingia. Kifuniko kazi yake si kumfungia mdudu kama wengi wanavyodhani. Kwa spishi nyingi kinazuia mvua isijaze mtungi na kuyazimua maji yale.

Mtego wenyewe ni ukingo wa mdomo. Upapase kwa kidole, utasikia mifuo myembamba mno inayoelekea ndani, na karibu nayo kuna tezi za nekta. Ukiwa mkavu, sisimizi hutembea juu yake bila shida, hunywa na kurudi kundini. Ukilowa kwa mvua, umande au nekta, maji hutandaa kuwa utando mwembamba na miguu ya sisimizi hukosa pa kushika. Watafiti Holger Bohn na Walter Federle ndio walioonyesha hivyo mwaka 2004 kwa kutumia Nepenthes bicalcarata. Chini ya mdomo, spishi nyingi zina ukuta wenye nta inayobanduka vipande vidogo kila mdudu anapojaribu kupanda. Kisha kuna maji, ambayo kwa baadhi ya spishi yanavutika kama ute, yenye asidi na vimeng'enya vya kumeng'enya protini.

Si zote zinawinda wadudu kwa bidii moja. Nepenthes ampullaria hukaa chini ya miti na kukusanya majani yaliyooza. Nepenthes lowii hupata sehemu kubwa ya naitrojeni yake kwenye kinyesi cha mnyama mdogo afananaye na kindi, anayekuja kulamba kifuniko huku amekaa juu ya mtungi. Nepenthes hemsleyana huwapa popo wadogo malazi, na malipo yake ni kinyesi vilevile.

Kabla ya kununua mmea, jibu swali moja: ni wa nyanda za chini au wa nyanda za juu? Wakuzaji huweka mpaka kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000. Wa chini unataka joto la nyuzi 25 hadi 33 mchana, na usiku usishuke sana chini ya 20. Wa juu unataka mchana wa nyuzi 20 hadi 26, na usiku unaoshuka hadi 10 au 15. Ubaridi wa usiku ndio unaowashinda wengi. Mmea wa nyanda za juu ukiwekwa kwenye usiku wenye joto haufi mara moja. Kila jani jipya huwa dogo kuliko lililotangulia, mitungi hukoma, na baada ya miezi kadhaa mizizi huoza. Anayeanza achague Nepenthes × ventrata, mseto unaovumilia hali zote mbili. Sarracenia nayo inahitaji miezi 3 hadi 4 ya baridi kila mwaka ili ipumzike. Isipoipata, hudhoofika mwaka hadi mwaka mpaka ife, kwa hiyo penye joto mwaka mzima haifai.

Maji: ya mvua, yaliyokenekwa, au yaliyochujwa kwa mashine inayoondoa chumvi. Kipimo kinachokubalika ni chini ya miligramu 50 za chumvi kwa lita, na kijimashine cha mfukoni cha kupimia hilo ni kifaa cha kununua mapema kuliko chungu kizuri. Maji yaliyochemshwa hayafai. Kuchemsha huua vijidudu lakini sehemu kubwa ya chumvi hubaki. Nepenthes mwagilia kutoka juu hadi maji yatoke chini, kisha yaache yachuruzike yote. Usiikalishe kwenye sahani ya maji. Sarracenia ni kinyume chake: chungu chake kikae kwenye trei yenye kina cha sentimita 2 hadi 5 za maji wakati wote wa kukua.

Kwa Nepenthes, changanya kuvumwani mkavu wa Sphagnum na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), nusu kwa nusu. Sarracenia huridhika na piti (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) isiyo na mbolea pamoja na perlaiti kwa kiasi hichohicho. Soma maandishi ya mfuko wa piti, maana mingi huongezwa mbolea na chokaa kiwandani. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie.

Mwanga uwe mwingi lakini usiunguze: muda wa saa 4 hadi 6 za jua la asubuhi au lililochujwa na wavu unatosha kwa Nepenthes. Sarracenia ipewe jua lote. Unyevu wa hewa wa asilimia 60 na kuendelea hurahisisha mambo, lakini hapa ndipo watu wanapokosea kwa kuufungia mmea ndani ya chombo cha kioo na kukiweka juani. Joto ndani hupanda kwa dakika chache na mmea huiva.

Mmea ukikataa kutoa mitungi, uangalie vizuri, kwa sababu huonyesha wenyewe kinachoukera. Majani marefu, laini, ya kijani kizito, yasiyo na mitungi: mwanga ni mdogo. Kinundu cha kikono kinachokauka kabla ya kuvimba: hewa ni kavu, au mmea umehamishwa hivi karibuni na unahitaji miezi miwili mitatu kuzoea. Kingo za majani kuwa kahawia huku ukuaji ukisimama: shuku chumvi, pima maji yako. Shina jeusi linalobonyea chini: mizizi imekosa hewa, na la kufanya ni kukata sehemu nzima ya juu uiotesheze upya. Majani machanga yaliyojikunja vibaya: pekua kwenye makwapa ya majani utafute vidung'ata na vithiripi, vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani. Mtungi wa zamani ukikauka kuanzia juu usiwe na hofu, umri wake umeisha. Kata sehemu iliyokauka tu. Iliyo hai chini bado inameng'enya.

Kuhusu chakula, mkono uwe mwepesi. Mdudu mmoja kwa mtungi, kila wiki mbili hadi nne, asiyezidi theluthi ya ukubwa wa mtungi. Nyama huoza kabla ya kumeng'enywa, na mtungi huoza nayo. Mmea ulio nje mara nyingi hujilisha. Ukinunua mmea ambao mitungi yake imemwagika safarini, tia maji safi hadi robo ya mtungi.

Sasa sababu ya wakuzaji kutafutana. Kila mmea wa Nepenthes ni dume au jike. Huwezi kujua kwa kuutazama hadi utoe maua, jambo linalochukua miaka kadhaa kutoka kwenye mbegu. Ukiwa na jike pekee, maua yake yatanyauka bila mbegu. Ukiwa na dume pekee, chavua itaanguka bure. Na hata mwenye yote mawili ni nadra kuyaona yakichanua kwa pamoja. Ndiyo maana chavua husafiri kutoka kwa mkuzaji hadi kwa mwingine. Ua dume lina kikonyo kifupi chenye kitufe cha chavua ya njano kichwani. Kung'uta juu ya kipande cha karatasi ya alumini, acha ikauke, ikunje, iandike jina na tarehe, iweke kwenye friji ndani ya kichupa chenye kikausha unyevu. Ikihifadhiwa hivyo hudumu wiki kadhaa. Aliye na jike huipaka kwa brashi laini kwenye stigma ya kila ua, yaani sehemu inayopokea chavua. Maua hufunguka kuanzia chini ya shada kwenda juu kwa siku kadhaa, hivyo rudia mara tatu nne. Kupaka siku moja tu huacha nusu ya shada tupu.

Kwa kawaida vibumba vya mbegu huchukua miezi miwili hadi mitatu kuiva, vikageuka kahawia na kupasuka. Mbegu ni nyembamba kama uzi na hazina subira: zipandwe mara moja, au zigawiwe mara moja. Zitandaze juu ya kuvumwani uliolowa bila kuzifukia. Mwenye shada moja lililofaulu hupata mbegu kwa mamia, nyingi kuliko nafasi yake, na hapo kugawana ni lazima. Sarracenia haina shida ya jinsia, ua moja lina dume na jike pamoja. Mbegu zake hutaka wiki 4 hadi 6 za baridi na unyevu kabla ya kuota, na zikikaa kavu kwenye friji hudumu miaka.

Njia nyepesi zaidi ya kugawana Nepenthes ni pingili. Kata shina lenye macho mawili au matatu kwa kisu kilichopitishwa kwenye spiriti. Punguza kila jani nusu ili lisipoteze maji. Chomeka kwenye kuvumwani unyevu, funika kwa mfuko unaoonyesha, weka penye mwanga usio wa jua moja kwa moja. Mizizi huchukua takriban miezi miwili. Usiing'oe kuangalia. Jicho likianza kuchipua majani yanayokua bila kusita, fungua mfuko kidogo kidogo kwa wiki nzima. Kumbuka kwamba pingili hubaki na jinsia ya mmea ilikokatwa, na hilo huifanya pingili ya mmea unaojulikana jinsia kuwa na thamani kubwa kuliko mche usiojulikana.

Kibandiko kisipotee. Andika kwa penseli kwenye plastiki, kwa kuwa wino hufifia juani. Taja spishi, mahali asili ilikotoka ikiwa inajulikana, jinsia, na aliyekupa. Kwa mseto, jina la mama hutangulia. Mmea uliopoteza jina bado ni mzuri kutazama, lakini haufai tena kuzalishia spishi safi. Hili lina uzito kwa spishi kama Nepenthes clipeata wa Mlima Kelam, Borneo, ambao wachumaji na moto vimeuacha na mimea michache sana porini.

Biashara ya kimataifa ya Nepenthes zote inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini. Nepenthes rajah na Nepenthes khasiana ziko kwenye Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi. Zilizobaki ziko kwenye cha II. Pingili haivuki mpaka bila vibali, hata ikiwa ni zawadi. Na mmea uliong'olewa porini unajulikana: shina nene lenye makovu, majani yaliyotafunwa na kupauka, mizizi michache iliyokatika. Ukiuona, usiununue kwa bei yoyote.

Unapotuma pingili ndani ya nchi, mwaga maji ya mitungi, funga sehemu ya chini kwa kuvumwani uliokamuliwa, tia kwenye mfuko, kisha kwenye boksi gumu lililojazwa karatasi ili pingili isichezecheze. Unapopokea, weka mgeni mbali na mimea yako kwa wiki nne, na kila wiki mpekue chini ya majani kabla hujamsogeza karibu na wengine.