Ticha, hesabu vipindi kwanza ndio uandike skimu

Kila Januari nikifungua simu nakuta swali ni lile lile, mwalimu mmoja wa Kayole, mwingine Kawangware, "afisa, uko na skimu ya Kiswahili Gredi ya 7 unitumie?" Mimi pia jibu langu ni lile lile, kalenda ya muhula unayo? Ratiba ya darasa je? Hapo wengi hunyamaza. Skimu za WhatsApp ziko tele, zingine bei ya chapati mbili, na nishaona moja imefika kwa meza ya mwalimu mkuu bado ina jina la shule ya kaunti ingine na tarehe za mwaka juzi, na mwenyewe ameshatia sahihi.

Kwa mzazi anayesoma hii, skimu ndio azimio la kazi, karatasi inayoonyesha wiki ya kwanza mtoto atafunzwa nini, ya pili nini, mpaka shule zifungwe. Mwalimu haitoi kichwani. KICD, taasisi ya serikali inayotunga mtaala, wana muundo wa mtaala kwa kila somo, umeandika mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, maswali dadisi, hizo zote zipo. Kitu KICD hawawezi kujua ni kwamba shule yako huwa na michezo Ijumaa mchana.

Sasa tukae kwa hesabu kwa sababu hapa ndipo watu huangukia. Mwaka wetu wa shule hapa Kenya una mihula mitatu, wa kwanza wiki 13, wa pili 14, wa tatu 9, jumla 36. Kiswahili junia, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ni vipindi 4 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. 36 mara 4 ni 144, na mwalimu mgeni anaona 144 anafurahi anagawanya mada zote humo hadi kipindi cha mwisho. Toa basi. Wiki ya kwanza ya kila muhula watoto wanaingia kidogo kidogo, wengine wametumwa karo, alafu kuna mtihani wa kufungua muhula, hapo vipindi 12 vya mihula yote mitatu vimeenda. Wiki ya mwisho ya mitihani na kusahihisha, 12 tena. Mapumziko ya katikati ya muhula wa kwanza na wa pili, weka 5. Sikukuu kama Leba Dei, Madaraka, Idd mbili na Mashujaa zikiangukia siku za shule, weka 4. Riadha, drama, tamasha za muziki, weka 6, na kama wewe ndio unafunza kwaya weka hata 10. Umebaki na kama 105, yaani zaidi ya robo ya mwaka imeisha kabla hujashika chaki, na hapo hatujataja mvua ya Aprili ikinyesha vile hunyesha Eastlands hadi nusu ya darasa haifiki.

Hizo namba ni za kukadiria, za shule yako zitoe kwa kitabu chako cha kumbukumbu ya kazi cha mwaka jana. Hicho kitabu wengi wanakijaza juu ya TPAD tu, ile tathmini ya utendaji wa walimu ya TSC, tume ya walimu, alafu kinafungiwa kabati, na ndio chenye ukweli wote.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufunza nilikuwa napenda ngeli, wacha tu, nikaingia A-WA na KI-VI nikakaa huko wiki tatu, watoto wanacheka, mimi nasikia raha, mwezi wa saba nikagundua mada za Machi bado hazijaguswa na insha sijafunza hata moja. Muhula wa tatu nilikimbia kama matatu inayofukuzwa na kanjo. Watoto waliandika noti tu, hawakuelewa kitu.

Kwa hivyo ukishapata vipindi vyako halisi, usivijaze vyote. Acha wiki moja ya akiba kila muhula, uiandike wazi "marudio", na mwalimu mkuu akikuuliza mbona uko na wiki tupu mwonyeshe hesabu. Alafu angalia kipindi gani huliwa sana. Kama ni cha Ijumaa mchana, usiweke huko sarufi ngumu, weka kusoma kwa mapana, kikiliwa mtoto bado anaweza kusoma kitabu nyumbani. Mambo mazito yasukume muhula wa kwanza na mwanzo wa wa pili, wiki 9 za mwisho si za kuanzisha jambo geni.

Kuna pia hii ya tathmini. Kwa matokeo ya KJSEA, tathmini ya kumaliza junia, mtihani wenyewe wa Gredi ya 9 ni asilimia 60, KPSEA, ile ya kumaliza Gredi ya 6, ni 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni 20. Sasa kama kazi ya tathmini inayotoka KNEC, baraza la mitihani, inataka mtoto aandike insha na kwa skimu yako insha iko Oktoba, unampima kwa kitu hujamfunza, na alama inaenda hivyo hivyo kwa portal yao ya mtandaoni.

Mzazi, ukienda mkutano wa shule uliza "muhula huu somo hili linafika mada gani?" Si kumtega mwalimu, ni ndio ukiona daftari limekwama pale pale wiki tano ujue la kuuliza.

Na ile kolamu ya maoni mwisho wa skimu, ticha, usiandike "somo limefaulu" kuanzia juu hadi chini. Andika walipokwama, siku ile ile. Mimi nilikuwa naijazia stejini nikingoja gari, kwa sababu nikishafika nyumbani siwezi kukumbuka tena ni stirimu gani, yaani darasa lipi la gredi hiyo, haikuelewa vivumishi.