Mnara wa Simu na Nyumba Iliyo Chini Yake

Mitaani Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, wengi wanaamini kwamba nyumba iliyo chini kabisa ya mnara wa simu ndiyo inayopata mionzi mingi kuliko zote. Hofu hiyo inaeleweka: mnara unaonekana, mawimbi hayaonekani.

Lakini yanapimika. Katika maabara za vyuo vikuu, antena hupimwa ndani ya chumba chenye kuta zilizofunikwa mapiramidi ya sponji yenye kaboni, yanayomeza mawimbi ili yasirudi kuvuruga kipimo. Matokeo hulinganishwa na hesabu za kompyuta. Antena ya mnara hutupa mawimbi mbele kama kurunzi, ikiinama kidogo tu; chini yake hufika machache. Angani, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hushuka hadi robo.

Mawimbi haya hayang'oi elektroni kwenye atomu kama eksirei. Athari iliyothibitishwa ni joto. Ni kweli, mwaka 2011 wataalamu wa saratani waliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Ushahidi wenyewe ulikuwa mdogo, na ulihusu hasa simu inayobanwa sikioni.

Hapo ndipo ningeangalia kwanza. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, utafute nguvu ya mtandao kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu: -70 ni mara 1,000 ya -100. Mtandao ukiwa hafifu, simu yako yenyewe huongeza nguvu ya kurusha, tena ikiwa shavuni. Na mtu akikuletea kipimo cha mnara, muulize: volti ngapi kwa mita (yaani ukali wa mawimbi), masafa gani (yaani mawimbi mangapi kwa sekunde), umbali gani kutoka kwenye mnara?