Gari haina nguvu? Fungua boneti kabla hujanunua spea

Tangu tuanze kampeni ya kuangalia magari hapa chuoni Mombasa malalamiko ni yaleyale, gari inamisi (mafuta hayawaki sawasawa ndani ya injini, inatetemeka), gari haina nguvu, ikitoka ferini Likoni kupanda kale kamlima inataka kuzima, na mwenyewe ashabadilisha plagi, koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi), hata pampu ya mafuta, na bado. Juzi alikuja dereva wa teksi na koili nne mpya. Nikamwambia awashe injini aiache hivyohivyo, nikainama, nasikia fsss, kumbe kipaipu cha vakyumu (cha kunyonya hewa) nyuma ya manifoldi, pale hewa inapogawiwa kuingia injini, kimepasuka, ufa haufiki hata urefu wa ukucha. Tulipokibadilisha injini ikatulia hapohapo, na koili zake za zamani tukazipima, zote nzima.

Jamani, kompyuta ya gari haikwambii ununue nini! Kodi, yaani namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta hiyo, mfano P0300, inasema injini inamisi bila mpangilio, basi, sababu yaweza kuwa plagi, mafuta au hewa inayoingia pasipotakiwa. Na tafadhali msichomoe betri ati taa ya injini kwenye dashibodi izime kabla kodi hazijasomwa zikaandikwa, zinafutika na rekodi yote, fundi anabaki kubahatisha na pesa ni zako.

Sisi twaanza kwa kuuliza: inasumbua ikiwa baridi au ikishapata moto, mlimani au ikisimama foleni? Kisha macho. Oili kwenye kijiti, maji ya rejeta (injini ikiwa baridi, kifuniko cha moto kinababua watu kila siku), ea klina, mipaipu, waya zilizotafunwa na panya. Halafu betri, na hapa watu wa pwani sikizeni, hewa ya chumvi inakula temino, unakuta unga wa kijani umejaa na ule waya wa athi (wa hasi ya betri) unaofungwa kwenye bodi umeoza kwa ndani huku juu waonekana mzima, gari inasumbua umeme wewe walaumu sensa. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6, injini ikiwaka 13.5 hadi 14.5 hivi. Moshi mweusi ni mafuta mengi, wa buluu inakula oili, mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto angalia kama maji yanaingia ndani.

Kuhusu sheria, magari ya abiria na ya biashara ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya) ni kila mwaka, lakini kupita ukaguzi si ruhusa ya kuendesha gari bovu miezi inayobaki. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki chataka gari iwe katika hali isiyohatarisha watu muda wote, na adhabu iko kifungu cha 58, faini isiyozidi shilingi 400,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Chuo hakipendekezi gereji yoyote. Ukija, njoo na karatasi ya kodi kama ilisomwa, na spea za zamani zilizotolewa kwenye gari usizitupe, zilete tuzipime.